Mbegu Imelala, Haikufa

Kila masika yanapokwisha husikika katika visiwa vyetu lawama ile ile juu ya mbegu za malisho. Mfugaji amepanda mlusina, amengoja wiki 2, amengoja wiki 3, mvua inanyesha na kitalu hakina kitu. Akifukua huikuta mbegu kavu, inang'aa kama ilivyotoka mfukoni, na huku udongo umelowa chepechepe. Ndipo husema kwamba amepewa mbegu mbovu. Sisi hatukubaliani na hukumu hiyo. Mbegu mbovu huoza. Iliyokaa topeni wiki 3 bila ya kulowa imelala tu, na wa kuulizwa ni yule aliyeitoa bila ya kueleza namna ya kuiamsha.

Mtu wa kisiwani haihitaji darasa refu katika jambo hili. Komwe tunazochezea bao ni mbegu za mmea wa jamii ya mikunde, ndugu wa mbali wa kunde na wa mlusina. Komwe huelea baharini muda mrefu, ikatupwa pwani ingali hai, kwa kuwa ganda lake halipitishi maji. Ganda la mlusina nalo ni hivyo hivyo, na mikunde mingine ya malisho, kama stailo na sentrosema, ina tabia hiyo. Mbegu ikishakomaa na kukauka sawasawa, ganda hujifunga. Porini hiyo ni hekima kubwa: mvua ya kudanganya ya siku 2 haiwezi kuziotesha zote zikaja kuuawa na jua, baadhi huota mwaka huu, nyingine mwakani. Kunde na choroko zetu hazina ukaidi huo, kwani wazee wetu, kizazi baada ya kizazi, walivuna na kupanda tena zile zilizoota upesi. Mikunde ya malisho haijapita katika mikono hiyo kwa muda wa kutosha.

Lakini mfugaji hawezi kungoja mwakani. Ng'ombe wa maziwa hashibi kwa majani ya tembo yaliyokomaa na kukakamaa wakati wa kiangazi. Tumbo litajaa na maziwa yatapungua. Majani ya mlusina yana protini inayofika asilimia 20 na zaidi ya uzito wake mkavu, mizizi yake huzama chini sana, na mti wenyewe hustahimili ardhi ya mawe ya matumbawe ambayo mimea mingi huikataa. Atakayekosa kuotesha katika masika amepoteza mwaka mzima, na badala yake atanunua pumba.

Dawa yenyewe ni maji ya moto. Maji yachemshwe, yaondolewe motoni, yaachwe kidogo mpaka yatulie, kisha yamiminwe juu ya mbegu za mlusina, kiasi cha vikombe 10 vya maji kwa kikombe 1 cha mbegu. Baada ya dakika 3 au 4 yamwagwe, mbegu zitiwe katika maji baridi usiku kucha, na asubuhi zipandwe. Kuzitokosa jikoni kama maharage ni kuziua. Zilizoamka huonekana zimevimba. Zilizobaki ndogo na ngumu bado zimelala. Tunashauri zihesabiwe mbegu 100 kwanza, zijaribiwe, ndipo mfuko mzima uguswe. Mwenye mbegu chache anaweza kukwaruza kila moja kwa msasa, au kulikata ganda kidogo kwa kikucha cha chuma upande usio na kovu, maana kiini cha mche kimelala karibu na kovu. Stailo ni ndogo mno kwa kazi hiyo. Hiyo husuguliwa kwa mchanga, taratibu.

Wala amri moja isitolewe kwa mbegu zote. Gilirisidia haina ganda gumu la namna hiyo, na kuimwagia maji ya moto ni kuiharibu bure. Na mbegu iliyokwisha kuamshwa isirudishwe ghalani.

Mlusina una mambo yake mengine. Ng'ombe asipewe zaidi ya theluthi moja ya chakula chake, na punda asipewe kabisa, kwani sumu yake humnyonyoa singa. Ukiachwa ukazaa maganda ovyo utavamia mashamba ya jirani. Ukatwe kabla mbegu hazijakomaa.

Kwa wakuu wa kilimo na mifugo tunasema hivi: hesabu ya kilo za mbegu zilizogawiwa haitoshi katika taarifa. Iandikwe pia miche iliyosimama. Kila mfuko ubandikwe karatasi ya Kiswahili yenye jina la mbegu, mwezi iliyovunwa, na neno wazi kama imekwisha kutiwa maji ya moto au bado. Na bwana shamba afike katika shehia na sufuria yake kabla ya mwezi wa Machi, awaoneshe watu kwa macho yao.