Sala na tembe zaweza kwenda pamoja

Waumini wengi wa Kikristo hawana shida ya kusali siku ya Jumapili. Taabu huwa katika siku sita zinazobaki, ambapo mtu huamka akikimbilia matatu, hushinda kazini na kurejea nyumbani usiku akiwa hoi. Hali huwa hiyo hiyo kwa mgonjwa aliyeandikiwa tembe za shinikizo la damu au kisukari. Majuma ya kwanza huzimeza vyema, kisha husahau mara moja, mara mbili, na mwishowe huziacha kabisa.

Njia ya kutatua shida hizi mbili ni moja, nayo ni kufunga jambo jipya kwenye shughuli ambayo tayari hufanywa kila siku. Uchunguzi wa wataalamu wa London uliochapishwa mwaka wa 2010 ulionyesha kuwa tabia mpya ilichukua wastani wa siku 66 kabla ya kuzoeleka. Aliyeruka siku moja hakuharibu kazi yote, mradi aliendelea siku iliyofuata.

Desturi ya kusali kwa saa maalumu si ngeni. Biblia inaeleza kuwa Danieli alisali mara tatu kwa siku. Wakatoliki wana sala ya Malaika wa Bwana asubuhi, adhuhuri na jioni, nao Waanglikana wana ibada za asubuhi na za jioni. Mgonjwa anaweza kuitumia ratiba hiyo hiyo kutunza afya yake.

Asubuhi: Weka tembe za presha kando ya Biblia au rozari, mahali ambapo watoto hawafiki. Ukimaliza kusali, meza. Wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi pia hufaidika, kwani dawa hizo zahitaji saa ile ile kila siku.

Wakati wa chakula: Metformin, dawa ya kisukari inayotumiwa sana, humezwa pamoja na chakula ili isisumbue tumbo. Sala ya kubariki chakula na iwe kengele ya kukukumbusha.

Kabla ya kulala: Mwenye kisukari akivua viatu, achunguze nyayo na katikati ya vidole kabla ya kusali. Kidonda kidogo kisichohisiwa chaweza kusababisha mguu kukatwa.

Wakati wa kupima presha: Unapaswa kuketi kimya kwa dakika tano kabla ya kupimwa. Badala ya kuwaza karo na kodi ya nyumba, sali polepole moyoni.

Je, sala yenyewe huteremsha presha? Mwaka wa 2001, watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya watu 23 wenye afya njema waliosali rozari kwa Kilatini. Pumzi zao zilipungua hadi karibu sita kwa dakika, ilhali mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 20. Kupumua polepole hivyo huutuliza moyo kwa muda. Hii ni faida, lakini si tiba ya kuchukua mahali pa tembe.

Huko Marekani nako, wagonjwa 1,802 waliopasuliwa moyo walichunguzwa, na matokeo yakatolewa mwaka wa 2006. Walioombewa na watu wasiowajua hawakupata matatizo machache kuliko wengine. Muumini hana sababu ya kutikisika kwa hilo, kwani imani haipimwi kwa mizani ya hospitali. Hata hivyo, ni onyo kwa anayetaka kuacha matibabu kwa sababu ameombewa.

Onyo hilo lina uzito. Shinikizo la damu kwa kawaida halina dalili. Mtu aliyeombewa akajihisi mzima huenda ndani yake mishipa inaendelea kuharibika, hadi siku anapopooza upande mmoja au figo zinaposhindwa kufanya kazi. Anayetumia dawa za Ukimwi akiziacha, virusi huongezeka tena katika muda wa majuma machache.

Ukiamini kuwa umepona, usitupe dawa. Nenda ukapimwe. Na kumbuka kuwa presha ikipatikana iko sawa ilhali unameza tembe, huenda ni tembe hizo zinazoishikilia. Daktari ndiye atakayeamua kama zipunguzwe, tena hatua kwa hatua. Wachungaji na mapadri wanaweza kuokoa maisha mengi wakiwaambia waumini neno hili madhabahuni.

Kuna tahadhari nyingine. Mwenye kisukari anayedungwa insulini au kumeza glibenclamide asifunge kabla ya kuzungumza na daktari, maana sukari yaweza kushuka ghafla akazirai. Anayemeza dawa za presha na ainuke polepole baada ya kupiga magoti, asije akashikwa na kizunguzungu. Mwenye magoti mabovu na asali akiwa ameketi. Dereva naye asifumbe macho akiwa barabarani.

Usianze na mambo mengi. Chagua sala moja ambayo tayari huisali kila siku, uweke tembe zako karibu nayo kuanzia kesho. Mweleze mwenzako nyumbani ili akukumbushe, na siku ya kliniki umwambie daktari bila kuficha ni siku ngapi uliruka.