Sebule ya Kuuzwa: Rangi ya Mafuta Haikaushi Ukuta

Wenye nyumba wa Lubumbashi wanaojiandaa kuuza huuliza swali lile lile: ni rangi gani itakayofunika unyevu wa sebuleni kabla mnunuzi hajaja? Swali limekosewa tangu mwanzo. Rangi ya namna hiyo haipo. Ile ambayo mafundi wengi wa mtaani huipendekeza, yaani rangi ya mafuta kutoka sakafuni hadi kimo cha mita moja, huongeza tatizo ambalo muuzaji anadhani ameliondoa.

Mji hupata karibu milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, nyingi zikinyesha kati ya Novemba na Machi. Maji hayo huzama kwenye udongo mwekundu unaozunguka nyumba. Katika komuni za Katuba, Kenya, Ruashi na penginepo mjini, nyumba nyingi zimejengwa kwa matofali ya kuchoma bila tabaka la plastiki au lami kati ya msingi na ukuta. Tofali lina vitundu vidogo vinavyonyonya maji ya ardhini na kuyapandisha, mara nyingi hadi mita moja hivi, pamoja na chumvi za udongo. Ukuta usipozibwa, maji hayo hutoka polepole kwa njia ya mvuke, hasa katika miezi mikavu ya Mei hadi Septemba, na chumvi hubaki usoni kama unga mweupe. Unga huo haupendezi, lakini unaonyesha kwamba ukuta bado unatoa maji yake nje.

Rangi ya mafuta hufunga njia hiyo. Maji hayaachi kupanda kwa kuwa uso umezibwa. Hupita juu ya mstari wa rangi, au hutokea upande wa pili, kwenye chumba cha kulala ambacho awali kilikuwa kikavu. Chumvi nayo hugeuka fuwele nyuma ya rangi na kuisukuma. Hapo huanza malengelenge, rangi ikabanduka, na mwishowe plasta yenyewe ikadondoka. Kupaka mkono wa pili hakusaidii. Kubandika vigae juu ya ukuta mbichi ni kosa lile lile kwa gharama kubwa zaidi, na plasta nzito ya saruji huahirisha tu siku ya aibu. Inasikitisha kuona familia ikitumia akiba yake kwa jambo hili kila mwaka, kwa sababu tu jirani naye alifanya hivyo.

Wala mnunuzi hadanganyiki. Komisyonere mzoefu, yaani dalali wake, anayeingia Januari, mvua ikiwa imeshika, na kukuta mkanda mpya unaong'aa chini ya ukuta mmoja tu, husogeza fotei na kugonga kwa kidole. Plasta iliyoachana na tofali hutoa sauti ya uwazi. Tangu hapo bei hushuka, na hushuka kuliko gharama ya unyevu wenyewe, maana mnunuzi huanza kujiuliza ni nini kingine kilichofichwa.

Kuna pia suala la sheria, ambalo wauzaji hulisahau kabisa. Mikataba ya mauzo nchini Kongo ingali inaongozwa na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Kwa kanuni zake, muuzaji hawajibiki kwa kasoro ambayo mnunuzi angeweza kuiona mwenyewe. Huwajibika kwa kasoro iliyofichika, na kama aliijua, anaweza kudaiwa fidia juu ya bei atakayorudisha. Doa la unyevu lililo wazi ni kasoro inayoonekana, ambayo watu huizungumza wakati wa kupatana bei. Doa lile lile likipakwa rangi wiki moja kabla ya mauzo linakuwa kasoro iliyofichwa na mtu aliyeijua. Muuzaji amenunua kopo la rangi ili ajitafutie kesi.

Kinachofaa ni kwanza kujua maji yanatoka wapi. Doa linaloanzia darini ni la bati lililotoboka au mlizamu uliojaa majani, na tiba yake iko juu ya paa. Kwa doa la chini, kipande cha plastiki angavu hubandikwa ukutani kwa siku mbili, kingo zote zikiwa zimefungwa: matone yakiwa upande wa chumba, tatizo ni hewa isiyozunguka, yakiwa nyuma ya plastiki, maji yanatoka ukutani. Basi udongo wa nje uondolewe hadi uwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani, maji ya paa yaelekezwe mbali na msingi, plasta iliyooza ibanduliwe hadi juu kidogo ya doa, na ukuta uachwe wazi ukauke msimu wote mkavu. Baadaye ndipo hupakwa plasta ya chokaa na rangi ya maji. Chokaa si kitu kigeni Katanga; mawe yake huchimbwa Kakontwe, karibu na Likasi. Asiyeweza kusubiri Septemba auache ukuta ulivyo, aeleze tatizo, na apunguze bei kwa kiasi cha kazi hiyo.

Tofauti na ukuta, mpangilio wa sebule ni kazi ya siku moja. Sebule za mji huu zimezoea kupangwa kwa ajili ya mgeni: miaka ya 1970 nyingi zilitundikwa picha ya Mamba Muntu, nguva aliyehusishwa na utajiri, mahali ambapo kila anayeketi angeiona. Lakini mgeni huketi, ilhali mnunuzi husimama, hupima na kutazama pembe. Kwa hiyo nusu ya fotei zitoke, na zinazobaki zisogezwe mbali na kuta. Vitambaa vya kusuka, kabati la vyombo lililojaa, picha za harusi na kalenda za kanisa vihamishwe. Pazia zito lifunguliwe, vioo vioshwe vumbi jekundu, taa zilizoungua zibadilishwe. Mnunuzi aitwe asubuhi, mwanga ukiwa mzuri, wala umeme wa shirika la SNEL usitegemewe. Jenereta izimwe ili mtaa usikike ulivyo. Kama ukuta wa nje bado una maandishi ya kuwaonya matapeli kwamba nyumba hii haiuzwi, yafutwe.

Mezani pawe na cheti cha uandikishaji, ambacho kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ndicho kinachothibitisha haki juu ya parseli, pamoja na bili za mwisho za maji na umeme. Asiye na cheti aanzie kwa mhifadhi wa hati za ardhi kabla ya kununua hata brashi ya rangi.