Uwezekano Uko Wapi: Kwenye Elektroni au Kichwani Mwako?

Rusha shilingi juu, idake, ifunike kwa kiganja. Kichwa au mwenge? Utasema nusu kwa nusu. Lakini shilingi imeshalala upande mmoja; hiyo "nusu" ni yako wewe, kwa sababu hujaona. Mwenzako akichungulia, kwake si nusu tena, na shilingi haijasogea hata kidogo.

Sasa hamia kwenye elektroni. Mwaka 1989 Akira Tonomura na wenzake huko Japani walirusha elektroni moja moja kupitia kifaa kinachoacha njia mbili za kufika mbele. Kila elektroni iligonga sehemu moja tu, ikaacha nukta moja. Nukta za mwanzo zilionekana kutawanyika ovyo. Zilipofika maelfu, ikajitokeza mistari: hapa nukta zimejaa, pale karibu hamna kitu. Mistari ya namna hiyo huletwa na mawimbi. Na usiseme "aah, kila elektroni ilipita njia moja, ila sisi hatukujua ipi", maana ukiziba njia moja mistari inapotea. Kwa hiyo hii si shilingi iliyofunikwa.

Hesabu ya Schrödinger inalieleza wimbi lililoenea pote, na haina mahali popote panaposema "sasa iwe nukta moja". Ila ukipima, unapata nukta moja. Katikati hapo kumetokea nini? Hilo ndilo fumbo la upimaji.

Max Born aliweka daraja mwaka 1926: chukua ukubwa wa wimbi mahali fulani, uzidishe kwa wenyewe, utapata uwezekano wa kuikuta elektroni pale. (Huko kuzidisha kuliingia kama tanbihi wakati wa kusahihisha prufu! Kwenye maandishi yenyewe alikuwa ametaja wimbi tu. Nobel akaipata mwaka 1954.) Kanuni yake haijawahi kuangusha maabara yoyote. Ila haisemi huo uwezekano ni kitu gani.

Carlton Caves, Christopher Fuchs na Rüdiger Schack, kwenye makala ya mwaka 2002, walisema ni imani ya anayepima. Mtazamo uliokua kutoka hapo huitwa kyubizimu. Wimbi ni kama daftari lako la matarajio. Ukiona nukta, unaandika upya daftari, basi. Hakuna kilichoporomoka huko nje. Safi, fumbo linayeyuka. Lakini ukiuliza elektroni ilikuwa inafanya nini kabla hujapima, hupewi picha yoyote, na hilo mimi linanikera.

Ghirardi, Rimini na Weber walikuwa wameshapita njia ya kinyume mwaka 1986: bahati nasibu iko kwenye maumbile yenyewe. Waliibadilisha hesabu ya Schrödinger ili wimbi la kila chembe lijikusanye ghafla sehemu ndogo, kwa wastani mara moja katika miaka milioni 100 au zaidi. Elektroni moja ikiwa safarini haitakutana na jambo hilo, ndiyo maana mistari inabaki. Lakini kifaa cha kupimia kina chembe kama 10²³ hivi. Piga hesabu: hapo matukio ni mamilioni kwa sekunde, na chembe moja ikijikusanya inaburuta zote zilizofungamana nayo. Nukta inatokea papo hapo, uwepo usiwepo.

(Wa dunia nyingi nao wapo. Leo tuwaache.)

Tofauti ya hawa wawili si ya maneno tu. Kyubizimu haibadilishi namba hata moja, hivyo hakuna kipimo cha kuitofautisha na kwanta ya kawaida. Mijikusanyiko ya ghafla, kinyume chake, ingepaswa kuongeza joto kidogo sana, na chembe zenye chaji zitoe mionzi hafifu. Watu wameitafuta mionzi hiyo chini ya mlima wa Gran Sasso, Italia, ambako miamba huzuia sehemu kubwa ya kelele za kutoka angani. Hawajaiona, na baadhi ya nadharia ndugu zimeshabanwa vibaya. Hata hivyo naipenda zaidi hii inayoweza kukamatwa ikikosea.