Fahamu: Tahadhari za kusisimua misuli kwa umeme

Misuli iliyolegea baada ya kiharusi au upasuaji wa goti huweza kusisimuliwa kwa umeme mdogo unaopitia pedi zilizobandikwa kwenye ngozi. Msuli hujikaza, kisha huachia. Umeme wenyewe ni mdogo. Hatari iko pale unapopita.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo hapewi tiba hii bila daktari wake wa moyo kuridhia, kwa kuwa umeme unaweza kukivuruga. Pedi haziwekwi kifuani, mbele ya shingo, tumboni kwa mjamzito, juu ya uvimbe wa saratani, wala kwenye mguu wenye damu iliyoganda mshipani.

Kuungua ngozi huanza kimyakimya. Mgonjwa wa kisukari mwenye ganzi miguuni hahisi pedi ikiachia ukingoni, na umeme wote hukusanyika kwenye kipande kilichobaki. Ndiyo maana hisia hupimwa kwanza, ngozi husafishwa na kukaushwa, na mashine huanzia sifuri, ikipandishwa taratibu huku mgonjwa akiulizwa anavyojisikia. Pedi haibanduliwi kabla mashine haijazimwa.

Misuli ikikazwa kupita kiasi huweza kuharibika na kuumiza figo. Mkojo ukitoka mweusi kama chai ya rangi, mgonjwa hupelekwa hospitali siku hiyohiyo.