Plagi ikiingia haimaanishi ndiyo yenyewe

Kama uko kafe na dakika zako zinaishia, chukua hili moja halafu uondoke: plagi kuingia kwenye tundu haimaanishi kwamba ndiyo plagi ya gari yako. Kuna namba imeandikwa kwenye ule udongo mweupe. Isome, iandike kwenye karatasi, nenda nayo dukani. Mwenye muda abaki nimweleze kwa nini, maana mimi haya nimeyajua baada ya ng'ombe kuuzwa.

Ilikuwa Novemba 2022. Kaka yangu ana Probox ya kubeba abiria, Kerende kwenda Tarime mjini na kurudi. Mlioko huku barabara yetu mnaijua. Inatoka Tarime, inapita Nyamwaga, inafika Nyamongo kwenye mgodi wa North Mara, halafu inaendelea kuvuka Mto Mara kwenda Mugumu, Serengeti. Gari za kazi huku zinakula vumbi na tope na zinajaza watu mpaka buti. Sasa ile Probox ikaanza kumisi. Ukikanyaga mafuta inakohoa, ukisimama inatetemeka kama ina malaria. Fundi akasema plagi zimekwisha. Kaka akanipa hela nikanunue nne mpya pale Tarime.

Mimi nikajifanya mjanja. Nikapata sehemu wanauza plagi za mtumba, zimejaa kwenye kopo, bei haifiki nusu. Nikachambua nne zinazofanana, chenji nikaitia mfukoni (ndiyo, kaka akipita hapa leo ndo anajua!!).

Zinafungwa, giza limeshaingia, mimi ndiye nashika tochi ya simu. Fundi akaniuliza, "Mura, zote ni aina moja?" Nikamjibu, "Zote, Fundi." Zikaingia zote nne bila shida. Kuwasha tu... tok tok tok tok! Kama mtu anagonga mlango kwa ndani. Baada ya muda mfupi ile kelele ikapungua, lakini misi ikabaki pale pale. Fundi akataka azifungue tena. Abiria wameshapanda, wanalalamika, na mama mmoja alikuwa amepakata mtoto wake katoka naye hospitali. Kaka akasema twende, kesho tutaangalia.

Hatukufika. Tumeipita Nyamwaga kidogo, gari ikaisha nguvu, sailensa inanuka petroli mbichi. Tulikaa pale barabarani mpaka saa sita usiku ndipo pikapu moja ikawachukua abiria. Yule mama hakusema neno hata moja, alikuwa anamfunika mtoto kanga tu. Bora angenitukana.

Asubuhi fundi akafungua. Plagi tatu zikatoka salama. Ya nne ikagoma, na ilipokubali ikatoka na nyuzi za silinda hedi. Tukaiweka mezani pamoja na wenzake. Ilikuwa imezidi urefu kwa milimita saba hivi! Pistoni ilikuwa inapanda inaigonga kichwani, ule mdomo wa juu umelala juu ya ncha ya kati, udongo umepasuka. Kwenye kopo na kwenye mwanga wa tochi sikuona kitu. Hedi ikashushwa, tundu likatobolewa upya na kutiwa nyuzi za chuma, gasketi mpya, wiki tatu gari haifanyi kazi. Kaka akauza ng'ombe mmoja na deni likabaki.

Basi nikaanza kusoma, humu humu kwenye intaneti, na kumsumbua fundi kwa maswali.

Toyota nyingi tunazoendesha huku zinatumia plagi yenye nyuzi za upana wa milimita 14. Hapo ndipo mtego ulipo. Injini ya Probox yetu, 1NZ-FE, ambayo utaikuta pia kwenye IST na baadhi ya Spacio na Corolla, inataka nyuzi zenye urefu wa milimita 19. Corolla za baadaye zenye injini ya 2ZR zinatumia plagi ya upana ule ule wa 14, inafunguliwa kwa spana ile ile ya 16, lakini urefu wake ni milimita 26.5. Itaingia kwenye 1NZ bila kubisha, maana nyuzi ni zile zile. Ikishaingia, kinachozidi kinaning'inia ndani pistoni inapopita. Ukifanya kinyume, ukaweka fupi kwenye tundu refu, hakuna kelele, ila cheche inatokea imejificha ndani ya shimo, mafuta yanaungua vibaya, na zile nyuzi zilizobaki wazi zinajaa masizi. Siku utakayotaka kurudisha plagi sahihi haiingii.

Ile namba sasa. Plagi ya NGK inayowekwa kwenye 1NZ-FE ni BKR5EYA-11. Inaonekana kama namba ya siri lakini ni maelezo tu. BK inakwambia upana wa nyuzi ni 14 na kichwa ni cha spana 16. R ni kizuizi kilichowekwa ndani ili cheche isivuruge umeme wa vitu vingine. Ukiweka isiyo na R redio inaweza kukoroma kila ukikanyaga mafuta, na gari za siku hizi zenye kompyuta ya injini zinaweza kuchanganyikiwa kabisa. Tano ni joto la plagi, nakuja hapo. E ni urefu wa milimita 19, hii ndiyo herufi iliyomla ng'ombe wetu. Y na A ni habari za umbo la ncha. Na 11 ya mwisho ni nafasi kati ya ncha na mdomo, milimita 1.1. Upande wa Denso ya injini hiyo hiyo utaona K16R-U11.

Joto la plagi linachanganya watu wengi, hata mafundi. Ncha ya plagi ikifanya kazi inatakiwa iwe na nyuzi joto kama 450 mpaka 850 za Selsiasi. Ikipoa chini ya hapo haiwezi kuunguza masizi yake yenyewe, inajaa weusi, inamisi. Ikizidi juu ya hapo inakuwa kaa la moto, inawasha petroli kabla cheche haijatoka, na injini inaanza kujipiga yenyewe. Hivyo kiwanda kinachagua plagi inayopeleka joto kwenye hedi kwa kasi inayoifaa injini ile. Inayopeleka haraka wanaiita ya baridi, inayokawia wanaiita ya moto. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi: tano ya NGK ni sawa na 16 ya Denso, na sita ni sawa na 20. Kwa Bosch na Champion ni kinyume, namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi! Sasa fikiria mtu ametoa NGK, anaingia dukani anaomba "namba hiyo hiyo, kampuni yoyote". Anaweza kutoka na kitu tofauti kabisa.

Kuna vijana hapa wanasema gari ikibeba mzigo mzito weka plagi ya baridi, ndo za mashindano. Mimi sikubaliani. Probox inayokwenda taratibu kwenye mashimo, inasimama kila kijiji, haifikishi hata joto la kusafisha plagi ya kawaida vizuri. Baki na ya kiwandani.

Kabla hujatupa plagi za zamani ziangalie, zinaongea kuliko dereva. Zipange mezani kwa mpangilio wa silinda zilikotoka. Rangi ya kahawia hafifu, kama chai ya maziwa, ni afya. Nyeusi kavu kama chungu cha kuni, mafuta ni mengi kuliko hewa, au ni filta ya hewa imejaa vumbi (huku kwetu anzia hapo). Nyeusi yenye utelezi ni oili inapanda, ringi au sili za valvu zimechoka, na hapo plagi mpya itakusaidia siku chache tu. Nyeupe yenye malengelenge ni joto kupita kiasi, usiendeshe mpaka ujue sababu. Wekundu kama wa tofali mara nyingi unatokana na dawa za kuongezwa kwenye petroli, zenye manganizi au chuma.

Na tukitaja petroli lazima tutaje kuchakachua. Mnakumbuka neno hilo lilivyovuma mwaka 2010? Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, watu wakawa wanayachanganya kwenye petroli na dizeli. EWURA wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka huo huo ili wayatambue yaliyochezewa, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili ule mchezo usiwe na faida. Bibi zetu wenye vibatari ndio waliolipa gharama, lakini hiyo ni mada nyingine. Kwa injini, petroli yenye mafuta ya taa inaungua ovyo, inagonga ukipanda mlima na inaacha masizi kwenye plagi. Kwa hiyo ukibadilisha plagi leo na baada ya wiki mbili ni nyeusi tena, usimkimbilie muuza plagi peke yake. Jiulize umeweka mafuta wapi, hasa kama ni ya kwenye chupa za kando ya barabara.

Feki zipo, na NGK wenyewe wamekuwa wakitoa tahadhari kuhusu bidhaa bandia za jina lao. Ninachoangalia siku hizi: maandishi kwenye udongo yawe makali, yasifutike kwa kucha. Mdomo wa juu ukae katikati ya ncha, usiende upande. Pete ya chini isichomoke kirahisi kwa vidole, kwenye orijino imebanwa. Ukishikwa na feki, kwa Tanzania bara wanaoshughulikia bidhaa bandia ni Tume ya Ushindani, FCC, lakini hakikisha una risiti. Mimi kwenye lile kopo ningedai risiti gani?

Mnaniuliza sana kuhusu iridiamu. Ni nzuri, ncha yake nyembamba inatoa cheche kirahisi na inaweza kwenda hadi kilomita 100,000, wakati zile za kawaida za nikeli ni 20,000 mpaka 30,000 hivi. Ila bei yake inavutia wanaotengeneza feki, na ukiipata orijino usiisugue kwa msasa wala brashi ya waya, utaiua. Wala usipanue nafasi yake kwa bisibisi. Za kawaida unaweza kupima kwa fila geji na kurekebisha kwa kuukunja mdomo wa juu taratibu bila kuigusa ncha ya kati.

Kufunga: subiri injini ipoe. Puliza vumbi kwenye mashimo kabla hujalegeza, la sivyo mchanga wa Nyamongo wote unadondokea kwenye silinda. Anza kwa mkono, plagi izunguke yenyewe bila nguvu. Ikigoma, itoe uanze tena. Ikishagusa, kwa mpya yenye pete ongeza nusu mzunguko wa spana, basi. Hedi ni aluminiamu, haitaki ubabe. Na kabla ya yote hayo, zisimamishe zote nne mezani, bega kwa bega, mwanga ukiwepo. Sekunde kumi tu!

Wa bodaboda msiondoke. Pikipiki nyingi za Kichina za muundo wa CG125 zinatumia NGK D8EA, na D hapo ni nyuzi za milimita 12. Plagi ya gari ya 14 haitaingia hata ukilia, na hiyo ni bahati yenu.

Mwenye Noah, Mark II au chochote kingine, tafadhali usinakili namba yangu ya Probox. Fungua boneti, tafuta kibati chenye aina ya injini, uandike. Kisha hapo hapo kafe fungua tovuti ya NGK au Denso, wana sehemu ya kutafuta plagi kwa gari au injini. Linganisha na iliyotoka kwenye gari, lakini usiiamini hiyo peke yake, maana aliyeifunga kabla yako anaweza kuwa kijana aliyeenda kwenye kopo kama mimi. Ukikwama, weka aina ya injini kwenye maoni, nitamuuliza fundi.

Ile plagi ndefu bado ipo, kaka ameifunga kwenye funguo za gari, na kila akinituma dukani ananionyesha kwanza bila kusema kitu. Chenji ilikuwa elfu sita, kaka. Nitakurudishia.