Tofali bivu inje, bichi ndani

Hapa Mambasa, fundi wa matofali anajua hasara siku ya kubomoa tanuru: tofali la karibu na moto limeungua mpaka jeusi, la mbali na moto bado udongo, mvua moja tu linarudia kuwa matope. Na kuni zile zote zimetoka pori la Ituri.

Ni juu moto wetu unaingia toka inje. Ulaya na Marekani, wanaotengeneza seramiki kwa mashine za kupanga tabaka juu ya tabaka wanajaribu mawimbi kama yale ya furu ya mikroonde. Yanapenya, chombo kinapata moto tokea ndani. Chembe zinashikana bila kuyeyuka, chombo kinapunguka karibu sehemu moja ya tano.

Hata kule vinaharibika. Gundi isipotolewa polepole kwanza, chombo kinapasuka, sawasawa na tofali letu lililoingia motoni na maji ndani. Na alumina ikiwa baridi haishiki mawimbi vizuri. Lazima kitu kingine kiipashe mbele.

Bei ya furu ile fundi wetu haiwezi. Hangari ya majani, tofali likauke kabisa mbele ya moto, hiyo anaiweza hata wakati wa mvua.