Bastola ndogo, mume na mke, na ufunguo wa sefu

Mwezi uliopita nilikuwa nikizungumza kwa simu na mamangu. Yeye yuko Mombasa, nami niko Ohio, Marekani, ninakoishi na mume wangu na wanetu wawili. Mdogo akapita nyuma yangu na kupaza sauti: "Bibi, jana mama na baba walikwenda kupiga bastola!"

Upande wa pili kukawa kimya. Kisha mama akauliza, "Mwanangu, mumekuwa majambazi huko?"

Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Nikamwambia kwamba sisi hukusanya bastola ndogo, za zamani na za sasa, kama vile babu alivyokuwa na jambia lake ukutani sebuleni. Akanijibu kwa upole, "Jambia halifyatuki, mwanangu."

Tangu siku hiyo nimekuwa na deni la kumweleza vizuri. Na kwa kuwa wengi wetu wa pwani tuna ndugu au watoto Marekani, nimeona nilipe deni hilo hapa, ili msomaji naye ajue tunachokipenda katika jambo hili, sheria inasema nini, na kwa nini mimi na mume wangu hatuwezi tena kufungua sefu yetu mmoja bila ya mwenzake.

Bastola kompakti ni ipi?

Bastola ya kawaida ya askari ni kubwa na nzito, hubebwa kiunoni ndani ya ala. Kompakti ni ile iliyopunguzwa mtutu na mpini ili ikae mfukoni au chini ya koti. Ziko ndogo zaidi ambazo kiganja cha mtu mzima huzifunika zote.

Fikra hiyo ni ya kale. Katika karne ya 19, fundi mmoja wa mji wa Philadelphia, Henry Deringer, alisifika kwa bastola fupi za risasi moja. Ni moja ya hizo ambayo John Wilkes Booth alimuulia Rais Abraham Lincoln mwaka 1865 ndani ya ukumbi wa Ford's Theatre, mjini Washington. Jina la fundi yule likaongezwa herufi moja, derringer, likawa jina la kila bastola ya aina ile. Hebu fikiria, jina lako likumbukwe hivyo.

Aliyezibadilisha kabisa bastola ndogo ni John Moses Browning, mzaliwa wa Ogden, Utah, mwaka 1855. Huyu aliwabunia Colt wa Marekani na FN wa Ubelgiji. Mojawapo ya kazi zake ni Colt ya mwaka 1903, ambayo ndiyo ya kwanza tuliyoinunua sisi. Ni bapa na laini, haina kitu cha kunasa kwenye kitambaa cha mfuko. Wenyewe waliiita "isiyo na nyundo", kumbe nyundo imo, imefichwa ndani. Nyuma ya mpini kuna kibati kinachobonyea. Usipoishika kwa mkono mzima, haifyatuki. Zilitengenezwa zaidi ya 500,000, na majenerali wa jeshi la Marekani walikuwa wakipewa kuwa silaha yao ya binafsi.

Browning huyo huyo ndiye aliyebuni FN ya mwaka 1910. Ni bastola ya aina hiyo ambayo Gavrilo Princip alimuulia Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria, mjini Sarajevo mwaka 1914. Mauaji yale ndiyo yaliyowasha Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita hivyo havikubaki Ulaya: mwaka huo huo Wajerumani waliingia Taveta, na vijana wa Afrika Mashariki wakachukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya majeshi, wengi wasirudi makwao. Kila nikiiona FN ya 1910 kwenye maonyesho, huwakumbuka wale wapagazi. Kitu cha kutoshea mfukoni, na kilio chake kikafika hadi kwetu.

Ya tatu nitakayoitaja ni Walther PPK/S. Wapenzi wa sinema wanaijua PPK, bastola ya James Bond. Lakini hiyo "S" ina kisa. Mwaka 1968 Marekani ilipitisha sheria kali ya silaha, na mojawapo ya masharti yake ni kwamba bastola inayoingizwa kutoka nje iwe na kimo kisichopungua inchi 4. PPK ilipungua kidogo mno, upana wa uzi tu. Kiwanda kikachukua sehemu ya juu ya PPK, kikaipachika kwenye mwili wa ndugu yake mkubwa, PP, na bastola ikafikisha kimo. Mume wangu hufurahia kisa hiki kuliko bastola yenyewe. Kwetu sisi, hapo ndipo utamu wa kukusanya ulipo. Hatukusanyi vyuma tu. Kila kimoja kina hadithi ya sheria, ya fundi au ya msiba.

Ndogo si rahisi

Wengi hudhani bastola ndogo ni ya mwanamke kwa sababu mkono wa mwanamke ni mdogo. Hata mimi niliamini hivyo. Mfanyakazi mwenzake mume wangu, mzee aliyewahi kuwa mwanajeshi, alitualika uwanja wa shabaha kwa mara ya kwanza. Nilikwenda ili nisibaki nyumbani peke yangu. Muuzaji pale akanipa ndogo kuliko zote. Nilipiga risasi tano na hakuna hata moja iliyogusa karatasi.

Mzee yule akanieleza sababu. Bastola nzito humeza teke la risasi. Nyepesi hulirudisha lote mkononi. Mtutu ukiwa mfupi, umbali baina ya alama ya nyuma na ya mbele ya kulengea nao huwa mfupi, kwa hivyo kosa dogo la jicho huwa kosa kubwa kwenye shabaha. Mpini mfupi humwacha kidole cha mwisho kikining'inia. Na baadhi ya zile za zamani, kama PPK, springi yake ni ngumu sana kuivuta, tena kile kipande cha juu kinaporudi nyuma huweza kuuma ngozi baina ya kidole gumba na cha shahada. Mimi nina kovu.

Ndiyo maana bastola ninayoipigia mara nyingi si ya zamani. Ni SIG P365, iliyotoka mwaka 2018. Ni nyembamba, lakini hubeba risasi 10 katika magazini yake, jambo ambalo kwa ukubwa ule liliwashangaza watu wa fani hii. Mume wangu hubaki na Colt yake ya miaka zaidi ya 80. Tukifika uwanjani mmoja hupiga, mwenzake husimama nyuma kumwangalia mikono. Yeye hunikosoa pumzi, mimi humkosoa kidole. Karatasi ya anayeshindwa ndiyo inayoamua nani atapika jioni. Nimekula pilau ya mume wangu mara nyingi kuliko alivyotarajia.

Kiangazi kimoja tulikwenda Camp Perry, kando ya Ziwa Erie hapa Ohio, ambako mashindano ya taifa ya kulenga shabaha yamefanyika tangu mwaka 1907. Tuliona wazee wa umri wa babu zetu wakipiga shabaha mikono ikiwa imetulia kama nguzo.

Masharti manne hayavunjwi, nasi tumewafundisha watoto hata kabla hawajaruhusiwa kuona chochote: kila silaha ihesabiwe ina risasi, mtutu usielekezwe kwa kitu usichotaka kukiharibu, kidole kisiguse kifyatulio mpaka macho yako yawe kwenye shabaha, na ujue kilicho mbele na nyuma ya shabaha yako. Vizibo vya masikio na miwani ya kinga ni lazima. Ukitoka, unanawa mikono kabla ya kula, kwa sababu ya vumbi la risasi.

Sheria, huko na kwetu

Hapa naomba msomaji mwenye kijana Marekani asome kwa makini. Aliyeingia kwa viza ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida sheria ya shirikisho humkataza hata kuishika silaha, ila akiwa ametimiza mojawapo ya masharti machache, mfano kuwa na leseni ya uwindaji. Asikubali kualikwa na marafiki uwanjani akadhani ni mchezo tu. Anaweza kupoteza karatasi zake. Mwenye makazi ya kudumu, au raia, anaruhusiwa kama hana rekodi mbaya.

Ukinunua dukani unajaza fomu na jina lako linachunguzwa. Fomu hiyo huuliza pia iwapo unatumia dawa zilizopigwa marufuku, na vijana wetu wajue kwamba huko miraa imo katika orodha hiyo. Kudanganya kwenye fomu ni jinai. Kununua kwa niaba ya mtu asiyeruhusiwa, hata akiwa mumeo au ndugu yako, ni jinai pia.

Wakusanyaji wa vitu vya kale wana leseni yao maalumu, dola 30 kwa miaka mitatu, kwa ajili ya silaha zilizofikisha miaka 50 na ambazo hazijabadilishwa. Ni ya kukusanyia, si ya biashara, na kila inayoingia na kutoka huandikwa daftarini. Kila mmoja wetu ana yake na daftari lake.

Kwetu Kenya mambo ni tofauti kabisa, na asije mtu akanisoma vibaya. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humtaka kila mwenye bastola awe na cheti kutoka kwa bodi ya utoaji leseni, na bodi hiyo hutaka kujua kwa nini unaihitaji. Kule Marekani kuwa na silaha ni haki iliyoandikwa kwenye katiba. Huku ni ruhusa inayoweza kunyimwa au kuondolewa. Risasi moja iliyosahaulika kwenye begi inatosha kukuharibia safari uwanja wa ndege. Sisi tunapokuja likizo, begi zetu hufunguliwa na kupekuliwa kila mfuko kabla ya kutoka nyumbani, na bastola hubaki Ohio.

Ufunguo

Sasa nirudi kwa neno la mama.

Miaka miwili iliyopita mume wangu alifiwa na nduguye mkubwa, huku nyumbani. Karatasi zake zilikuwa ofisini zikishughulikiwa, hakuweza kusafiri. Maziko aliyaona kwa simu. Baada ya hapo akabadilika. Hali, halali, hasemi. Nikiamka saa tisa za usiku humkuta amekaa kwenye meza ya chakula gizani. Hakusema neno lolote la kunitisha. Lakini nafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa, na najua jambo ambalo wengi hawalijui: Marekani, zaidi ya nusu ya watu wanaokufa kwa risasi kila mwaka ni waliojiua wenyewe. Wengi wao hawakuwa wahalifu. Walikuwa watu wenye huzuni, na kitu kilikuwa karibu.

Asubuhi moja alipokwenda kazini nilibadilisha nambari ya sefu. Aliporudi nilimwambia. Nilitetemeka, maana kumwambia mwanamume kwamba humwamini na mali yake mwenyewe si jambo dogo. Aliniangalia kwa muda, akasema, "Umefanya vyema. Na zitoe kabisa nyumbani." Siku ya pili tukazipeleka kwa muuza silaha mmoja anayewawekea watu. Zilikaa huko miezi saba. Yeye akaanza kuonana na mshauri, na kulala kukarudi kidogo kidogo.

Baadaye aliniambia kwamba zile siku, kila akipita mbele ya kabati lile, alikuwa akipita mbio.

Zilipozirudia nyumbani tulinunua sefu nyingine, ya kufuli mbili. Yeye ana ufunguo, mimi nina nambari. Hakuna anayeifungua bila ya mwenzake kuwapo, na yeyote akisema "leo hapana", hakuulizwi kwa nini. Risasi huwekwa mahali pengine. Jirani Mmarekani alituambia hivyo mwizi akija hatutawahi. Ni kweli. Sisi hatukuziweka kwa ajili ya mwizi, na anayeziweka kwa ajili hiyo ana hesabu yake nyingine ya kufanya.

Wahenga walisema mwana akililia wembe mpe. Kwa wembe nakubali, kidole hupona. Kwa bastola, mfichie, hata kama analia na hata kama ni mumeo. Na kama una ndugu Marekani mwenye silaha ndani na amefiwa, ameachwa au amefutwa kazi, usimuulize habari za mkutano wa familia tu. Muulize ufunguo anao nani. Kule kuna nambari ya simu, 988, hupokewa usiku na mchana, kwa aliyezidiwa na kwa anayemhofia mwenzake.

Hayo ndiyo niliyomweleza mama wiki iliyopita, yote, hata yale ya meza ya chakula ambayo hakuwahi kuyajua. Akanyamaza tena. Kisha akaniambia kwamba babu naye, mwaka aliofiwa na mwanawe, bibi aliliondoa lile jambia ukutani, akalirudisha baada ya mwaka. Sisi watoto tuliambiwa limepelekwa kusafishwa.